Wakisimama Wote Pamoja: Miaka Thelathini na Tisa ya Tata Tharcisse Kabamba

Ijumaa hii, tarehe 24 Februari 2023, Tata Tharcisse Kabamba anavua sare ya askari aliyoivaa kwa miaka thelathini na tisa na siku kumi na moja. Katika muda huo serikali ilibadilisha jina la kikosi chetu, rangi ya kofia zetu, bendera, na hata jina la nchi. Kitu kimoja hakikubadilika: mistari miwili begani mwa Kabamba. Aliipata mwaka 1990 na anastaafu nayo. Wengi wenu mmejiuliza kwa nini. Jibu ninalo mimi.

Naitwa Banza. Nilikuwa mkuu wake wa kazi hapa Kolwezi kuanzia 1991 hadi 1997. Rachelle, katibu wa kamati ya sherehe, alinijia nyumbani kuniomba niandike wasifu huu, na sababu yake aliitoa kwa adabu kubwa: "Tata Banza, bale bengine bote balishakufa." Nina miaka themanini na mitatu. Figo zangu zimechoka na daktari hataki kuniahidi Pasaka. Akili yangu bado ni nzima, na yote yaliyomo humu nimeyaandika kwa mkono wangu.

Tata Kabamba alizaliwa Dilala, katika nyumba za kampuni ya madini. Baba yake, mzee Ngoy, alifanya kazi kwenye mtambo wa kusagia mawe ya shaba. Katika nyumba zile saa ya ukutani ilikuwa pambo tu. Maisha yalifuata king'ora cha kiwanda, ambacho huku tunakiita sirène: kilipolia watu waliamka, kilipolia walikwenda zamu, kilipolia wanawake waliinjika maji. Kabamba husimulia kwamba siku ya ubatizo wa mjukuu wake wa kwanza, mzee Ngoy, ambaye alikuwa amestaafu miaka mitano kabla, alikuwa mezani na wageni wakati king'ora cha saa nane mchana kilipolia. Mzee alisimama. Tonge la bukari, ugali wetu, mkononi, alitafuta kofia yake ya kazi, hakuiona, akaenda hivyo hivyo hadi mlango wa ua.

"Tata, unaenda wapi?" watoto wakamwuliza.

"Ku kazi!"

Kisha akalitazama tonge, akalila, akarudi kuketi. Wageni walicheka hadi machozi, hasa kwa sababu nusu yao nao walikuwa wameshaanza kuinuka.

Naomba mkikumbuke kisa hicho. Nitakirudia, na hapo hakitachekesha.

Kabamba aliingia kazini tarehe 13 Februari 1984, kijana mrefu mwenye sauti nyembamba. Alifanya doria za sokoni, alilinda reli ya Tenke, aliongoza magari katika njia panda ambako leo taksi-moto, pikipiki za abiria, haziongozwi na mtu yeyote. Vijana wa kituo wanamwita Nusu Bendera. Mkono wake wa kushoto haupandi juu ya bega, kwa hiyo asubuhi ya kupandisha bendera yeye huvuta kamba kwa mkono wa kulia na kuikanyaga kwa mguu asije akaipoteza. Bendera hupanda kwa vipande, kama mtu anayepanda ngazi akiwa na mzigo, na kila mara hufika juu. Akiulizwa kuhusu mkono, husema alianguka kutoka kwenye lori. Faili lake nalo linasema hivyo.

Jambo jingine wanalomtania ni kwamba kila siku saa nane, king'ora kikilia, hutoka nje ya kituo na kusimama dakika moja bila kusema neno. Wengine walidhani anatafuta upepo. Wengine walisema anasubiri harufu ya chakula cha mke wake, Mama Fidélie, kutoka upande wa pili wa barabara.

Kazi yake kubwa, ambayo hakuna nishani iliyotolewa kwa ajili yake, ilikuwa kuwafundisha vijana kabla hawajapelekwa mbele ya umati. Hakuwa na darasa. Aliwasimamisha uani na kuwauliza mambo matatu: watu wale beko nafanya nini, kwa macho yako mwenyewe, hapana kwa redio? Nani alikuambia ni baadui? Na weye, unaogopa nini? Siku moja kijana mmoja mwenye kifua kipana alimjibu kwa majivuno, "Mi siogopaka kitu, chef!"

"Basi weka bunduki chini," Kabamba akamwambia. "Mutu asiogopaka kitu hana na lazima na bunduki."

Kijana yule leo ni mkuu wa kituo kidogo, na anauliza maswali yale yale.

Mwaka 2014, kwenye mashimo ya mgodi wa Mashamba, wachimbaji zaidi ya mia walipanda mteremko mbio kuelekea askari wetu, nyundo na mitaimbo mikononi, wakipiga kelele. Afisa kijana aliyeongoza aliamuru bunduki zijazwe. Kabamba, ambaye hakuwa na cheo cha kumzuia, alisimama kando yake akasema taratibu, "Chef, angalia macho yao. Mutu anakuja kukupiga, haangaliaka nyuma." Wachimbaji wote walikuwa wanaangalia nyuma. Ukingo wa shimo ulikuwa unaporomoka. Askari walifungua njia, watu wakapita, kisha askari hao hao wakatelemka na kufukua wanne kwa majembe, wote wakiwa hai.

Niliposikia habari hiyo nilikuwa nimeshastaafu. Niliketi kitandani, nikashindwa kuvaa viatu. Nilijua alijifunza wapi kutazama macho ya watu wanaokuja.

Rachelle aliponiletea faili lake mwezi uliopita, ili nichukue tarehe, nililifungua mezani nikiwa na kikombe cha chai. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya kuajiriwa. Ya pili ilikuwa yangu. Ukurasa mmoja na nusu, mwandiko wangu, sahihi yangu, tarehe 23 Machi 1993. Chai ilimwagika na sikuiona hadi Rachelle alipoleta kitambaa.

Miaka yote hiyo niliamini ukurasa ule haupo. Mwaka 1997, vita vilipopita, ofisi yetu iliporwa, na kwa macho yangu nikaona sokoni mafaili yetu yakifungiwa karanga. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilisema moyoni, uongo wangu umeliwa na karanga. Kumbe ulikuwa kazini. Pembeni mwa ukurasa, kwa kalamu ya risasi, mikono mitano tofauti imeandika: 1999, tazama karatasi ya pili, hafai. 2004, hafai. 2009. 2013. 2018, tazama karatasi ya pili. Kila mara tume ya vyeo ilipokaa, mimi nilikuwa nimeketi pale pamoja nao, nikimshtaki.

Mwaka 1993 kampuni ilikuwa imeanguka. Mitambo ilisimama mmoja baada ya mwingine, maduka yake yalibaki na rafu tupu, na badala ya kuulizana nani ameiangusha, watu walionyeshwa majirani. Familia za Kasai, ambazo babu zao waliletwa kwa treni kuchimba shaba hii, ziliambiwa kwa vipaza sauti zirudi kwao, mahali ambapo wengi wao hawakuwahi kupaona. Niliona watu waking'oa mlango wa nyumba huku wenyewe bado wako ndani wakila. Niliona mwalimu akifukuzwa na wanafunzi wake. Wakati ule sikushtuka. Hilo ndilo linalonishtua leo, kuliko kifo kilicho karibu.

Maelfu walikaa kwenye gare ya Kolwezi wakisubiri treni, wiki kwa wiki, chini ya maturubai, na magodoro yao, cherehani zao, mabeseni yao. Surua iliua watoto wao pale pale. Mimi nilikuwa na askari ishirini na sita wa kulinda usalama, nusu yao wageni, waliofika mjini mwezi ule ule. Mtu mmoja mwenye heshima mjini alinijia akanihakikishia kwamba ndani ya magodoro mna silaha, na kwamba watu wale wanangoja ishara moja tu ili wanyanyuke na kutunyang'anya bunduki. Sikufungua godoro hata moja. Asubuhi ya Jumanne ile niliwapanga askari wangu na kuwaambia, "Kama banasimama bote pamoja, musingoye ordre ingine." Yaani, wapigwe risasi bila kungoja amri nyingine.

Kabamba akainua mkono. "Na kama banasimama sababu ya mvua, chef?"

Askari wakacheka. Nilimwambia afunge mdomo. Nilikuwa nimeaibika kidogo mbele ya wageni, na aibu ile niliibeba hadi mchana.

King'ora cha kiwanda kilikuwa kimenyamaza siku kumi na tisa kwa hitilafu ya umeme. Siku ile mafundi walikitengeneza, na wakakijaribu kwa saa yake ya kawaida. Saa nane kamili kikalia.

Wanaume wa gare wakasimama wote pamoja. Mamia. Wafanyakazi wa miaka ishirini, thelathini, waliokuwa wamefukuzwa kazini na mjini, wakasimama kama mzee Ngoy na tonge lake. Baadhi waliokota gamela, yale makopo ya kubebea chakula cha kazini. Baadhi wakapiga hatua mbili, tatu, kuelekea kiwandani, na kiwanda kilikuwa nyuma yetu. Kwa hiyo walikuja upande wetu. Kisha wakaanza kutazamana na kucheka, wakijicheka wenyewe. Mimi nilisikia kelele ya vita.

Nilikuwa nimeishi Kolwezi miaka miwili. Nyumba yangu ilikuwa ya maafisa, mbali na zile za kampuni, na king'ora kwangu kilikuwa kelele ya mji kama treni au mbwa. Mtoto wa Dilala alijua. Kabamba aliweka bunduki chini, akakimbia hadi katikati, kati ya mistari yetu na watu wale, akatugeukia mikono juu. "Ni sirène! Chef, ni sirène! Beko naenda ku kazi!"

Vijana wa chuo walionitembelea miaka iliyopita waliniuliza ni nini humfanya askari apige risasi. Walitegemea nitaje hasira. Sikuwa na hasira. Nilikuwa nimeambiwa kitu na nikakiamini, nilikuwa nimetoa amri na niliona haya kuirudisha, na askari ishirini na watano walikuwa wananitazama mimi badala ya kuwatazama wale watu. Nilisikia maneno ya Kabamba, kila neno. Niliyaelewa pia. Lakini mkono ulikuwa umeshainuka na bastola ndani yake, na niliona ni vigumu zaidi kuushusha kuliko kupiga.

Laiti ningeweza kuandika kwamba nilipiga juu. Nilipiga mbele. Risasi ya kwanza ya siku ile ilikuwa yangu, na ilimwingia Tharcisse Kabamba chini ya bega la kushoto. Hakuna lori. Hakuna aliyeanguka kutoka kwenye lori lolote.

Baada ya yangu, askari wa upande wa kulia walipiga nane. Wa upande wa kushoto hawakupiga, kwa sababu Kabamba alikuwa ameangukia mbele yao na hawakuweza kupiga bila kumpiga mwenzao. Huko kushoto ndiko walikokuwa wanawake na watoto wengi. Haikudumu hata muda wa kumaliza Baba Yetu. Watu walipolala chini, mmoja hakuinuka tena: Muteba, fundi wa mashine ya kusagia mawe, miaka hamsini na minne, mume wa Mama Mbelu. Gamela yake ilikuwa chini ya kifua chake. Niliifungua nikitafuta silaha. Ilikuwa tupu. Hakuwa na kazi wala chakula, na aliposikia king'ora aliokota gamela tupu.

Jioni niliandika ripoti. Kifaransa changu kilikuwa kizuri, mapadre walinisifu kwacho shuleni. Niliandika kwamba Muteba aliongoza shambulio. Niliandika kwamba Kabamba aliacha silaha yake mbele ya adui, akajiunga nao, na akaumia alipoanguka kutoka kwenye lori akikimbia. Mwuguzi alinipa risasi aliyoitoa begani, ndogo, ya bastola. Mwenye bastola nilikuwa mimi peke yangu. Niliitupa chooni. Kisha nikaenda kitandani kwake nikamwambia kwamba akisema neno atahukumiwa kwa kutoroka vitani, na Mama Fidélie atabaki na watoto wanne. Alinitazama, akaugeuzia uso ukuta. Hakusema neno kwa miaka thelathini, na kila asubuhi hadi 1997 alinipigia saluti kwa mkono uliobaki.

Nilipokwisha kuusoma ukurasa ule tena, nilijua kuna mtu wa kumwambia kabla yenu. Binti ya Muteba, Laure, alirudi kutoka Kasai mwaka 2006 na ni mwalimu hapa Dilala. Tunasali parokia moja. Kila Jumapili hunisalimia mlangoni kwa mikono miwili, nami nilidhani ni heshima kwa uzee wangu. Rachelle alinipeleka kwake. Nilikuwa nimeandaa maneno, nikaanza, "Laure, mwanangu, siku ile kwenye gare..."

"Nakujua, Tata," akanikatiza. "Nilikuwa na myaka kenda. Nilikuwa chini ya mukeka, nilikuona na pistolet mu mukono."

Rachelle alinishika nisianguke kutoka kwenye kiti. Nilimwuliza, kama ni hivyo, kwa nini ananisalimia.

"Kila dimanche nilikuwa nangoya useme," alisema. "Nilisema, pengine leo. Myaka kumi na saba, Tata. Umechelewa sana." Kisha akaniletea maji ya kunywa.

Nimeandika barua kwa tume ya wastaafu kukanusha ripoti yangu. Wamejibu kwamba faili linafungwa Ijumaa asubuhi, na likishafungwa Kabamba ataondoka akiwa askari aliyeacha silaha yake mbele ya adui, kwa watoto wake na wajukuu wake. Kubadilisha cheo hawawezi kwa muda huu. Wanachokubali ni maandishi ya shahidi, yenye sahihi, yawekwe juu ya karatasi ya pili. Maandishi hayo ndiyo haya mnayoyasoma. Nimeyatia sahihi mbele ya Rachelle na mbele ya Laure, na yamekwisha kupelekwa. Kuanzia sasa, yeyote atakayefungua faili la Tharcisse Kabamba ataanza kwa kusoma kwamba hakuacha silaha mbele ya adui. Aliiweka chini mbele ya majirani zake, kwa sababu mbele yake hapakuwa na adui.

Mwenyewe nilimsomea juzi, uani kwake, Mama Fidélie akichambua maharagwe. Nilimwomba msamaha nikiwa kwenye kiti, kwa kuwa magoti hayakunjiki tena. Akauinua mkono wa kushoto hadi pale unapokomea.

"Chef, huu mukono unanisaidia, unajua? Fidélie hawezi kunituma kukamata bitu bya juu ya kabati."

"Muongo!" Mama Fidélie akasema bila kuinua kichwa. "Na wa kuume je?"

Kabamba alicheka, halafu akaacha kucheka. Kuhusu cheo hakuuliza. Kuhusu msamaha alisema tutaongea siku nyingine, na sikumlaumu. Huenda siku hiyo mimi sitaiona. Aliomba jambo moja tu liandikwe. "Andika Muteba hakuwa nashambulia mutu. Andika alikuwa naenda ku kazi. Paka ile, ile tu."

Nimeliandika.

Kwa niaba ya wote uliowafundisha kutazama macho kabla ya mikono, kwa niaba ya wanne wa Mashamba, na kwa niaba ya waliokuwa upande wa kushoto wa gare na hawajui kwa nini wako hai, asante, Tata Kabamba. Nenda nyumbani, ukae. Uwe na miaka mingi ya kukaa. King'ora kikikukuta na tonge mkononi, lile kwanza.

Sherehe itaanza saa saba na nusu, uani mwa kituo. Saa nane king'ora kitalia, kama kila siku, na Tata Kabamba atainuka kusimama kwa dakika moja kwa ajili ya Muteba, kama alivyofanya peke yake kwa miaka thelathini. Miguu yangu haina nguvu tena. Laure amesema atanishika mkono mmoja; wa pili atanishika yeyote atakayekubali. Enyi askari wa Kolwezi, amri yangu ya asubuhi ile naifuta mbele yenu, na hii ndiyo ya mwisho ninayowapa. Kikilia, tusimame wote pamoja.